Hoteli za Jumamosi na Mjomba Hamisi

Kule Tanga, mtaani kwetu, palikuwa na mbuzi dume aliyeitwa Waziri. Alikuwa wa jirani yetu Bi Chausiku. Sijui kwa nini naanza na mbuzi, maana ninayotaka kuyasema ni ya Kanada na ya wali, lakini nikianzia pengine naona yananiponyoka, kwa hiyo mnivumilie. Waziri hakuwa anafungwa. Asubuhi alilala kivulini kwa fundi baiskeli, na adhuhuri, sufuria zikishateremshwa mekoni, alinyanyuka, akajinyoosha, akaanza kupita nyuma ya nyumba zetu moja baada ya nyingine. Huo ndio wakati watu walikuwa wakikwangua ukoko na kuwamwagia kuku. Kwa Mama Saidi alinusa akapita. Kwa mwalimu wa chuo alisimama, akafikiri, akapita. Akifika kwa bibi yangu aliingia mpaka uani na kusimama kama aliyealikwa.

Mama Saidi lilimkera sana jambo hilo. "Mbuzi huyu ana maringo," alisema. "Sokoni anakula magazeti, kwangu anakataa ukoko."

"Gazeti halizidishwi chumvi, mwenzangu," bibi alimjibu.

Ukoko nyie wa rika langu mnaujua, lakini siku hizi kuna watoto wetu hawaujui, wali wao unatoka kwenye mashine. Ni ule wa chini kabisa, ulioshika sufuria, mkavu, mwekundu, unaolia ukiutafuna. Kwetu sufuria ilipaliwa makaa juu na chini, na mpishi alijulikana kwa ukoko wake. Wali wa juu kila mtu anaweza. Na mnakumbuka tulivyokatazwa: mtoto akila ukoko, siku ya harusi yake itanyesha mvua. Tulikula hivyo hivyo. Harusi ilikuwa mbali na ukoko ulikuwa karibu.

Kazi yangu mimi pale nyumbani ilikuwa kubeba sinia. Bibi alikuwa na utaratibu wake. Babu na wajomba zangu aliwapelekea chakula mwenyewe, akakaa pembeni akiwasimulia habari za mtaa mpaka wakamaliza. Lakini mwanamume mgeni akiwa barazani, bibi hakutokeza hata pua. Alipakua, akafunika kawa, akanipa mimi nipeleke. "Mtu wa ndani namletea mwenyewe," alisema. "Mgeni hutumiwa mtoto." Basi mimi mbele na sinia, Waziri nyuma akinusa hewa, ndivyo tulivyokuwa.

Waziri aliishia kwenye pilau ya harusi ya mjomba Hamisi, mdogo wake mama. Bi Chausiku mwenyewe alimtoa zawadi, akalia, kisha akala. Na siku hiyo, jamani, mvua ilinyesha ikaangusha turubai, masufuria yakaelea, bwana harusi akavuka uwanja kabeba viatu mkononi. Wanawake wakamgeukia bibi harusi, jina lake Rehema. "Ni wewe, mla ukoko," wakamwambia. Naye Rehema akacheka ndani ya kanga zake mpaka wanja ukamchuruzika. Ilikuwa kweli. Alikuwa mla ukoko na mpishi wa ukoko, tena alikuwa na lake: aliupasua vipande vya kama kiganja, akavipanga kwenye kisahani cha peke yake, akavinyunyizia sukari kidogo na ndimu. Sijapata kuona mwingine afanyaye hivyo. Hata Waziri angerudi duniani kwa ajili ya kisahani kile.

Juzi mjukuu wangu kaniita jikoni, "Bibi, sufuria imeungua." Nikanusa, na hapo ndipo yote yakanijia.

Sasa Kanada. Tulikuja Toronto mimi na mama na baba na kaka yangu, tukapata nyumba Malvern, upande wa mashariki kule mwisho, ambako theluji huanza mapema na kuchelewa kuondoka. Mjomba Hamisi alikuja baada yetu, kwa njia zake, akalala sebuleni kwetu kwenye kochi. Alipata kazi ya kupakia mizigo ya ndege kwenye uwanja wa ndege wa Malton, upande wa magharibi, mji mzima upo katikati ya kazi yake na kochi lake. Alitoka hatujala akarudi tumelala. Lakini Jumamosi ilikuwa yake, na Jumamosi yake ilikuwa yangu.

Niwaambie mapema, sitaki kuwaficha kitu ambacho mimi mwenyewe nilifichwa. Mjomba alikuwa akimtafuta mke wake. Rehema alitangulia Kanada na familia ya mfanyabiashara mmoja wa Tanga aliyokuwa akiipikia. Mwanzo alituma salamu kwa watu, kisha salamu zikakatika. Ile familia ikahamia mji mwingine, yeye akabaki. Mjomba alipofika, mtu mmoja msikitini akamwambia, sikia, yule mkeo nasikia anapika kwenye hoteli ndogo, huko huko mashariki, jina la hoteli silijui. Basi. Hicho ndicho alichokuwa nacho mkononi.

Je, nilimwuliza mama tunatafuta nini? Hapana, sikuuliza hata. Nilijua mjomba ana mke na kwamba yuko mbali, ndivyo wakubwa walivyosema, na mbali kwangu mimi ilikuwa Tanga. Wake za wanaume wengi tuliowajua walikuwa Tanga au Mombasa au Bujumbura, wakingoja. Nilichoona mimi ni mtu mzima anayevaa koti kila Jumamosi na kusema, "Haya, Mwanaidi, leo tunakula wapi?" Nikaamini tunatafuta hoteli bora kuliko zote katika mji. Niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Mtoto mwingine alikuwa na mpira wa magongo wa barafuni, mimi nilikuwa na hoteli.

Na kutafuta nilitafuta kweli. Shule mimi niliishia njiani, siwezi kujidai hapa, hesabu zilinishinda tangu za kugawanya. Lakini pale uwanjani wakati wa mapumziko nilikuwa profesa. Nilimwendea kila mtoto: nyie kwenu mama akichoka kupika mnanunua wapi? Watoto wale walitoka pembe zote za dunia, na kila mmoja alikuwa na jibu. Ijumaa narudi nyumbani kichwa kimejaa, siwezi hata kulala. Mjomba akiamka kwenye kochi ananikuta nimeshavaa buti.

Ukipita Malvern kwa gari huoni kitu. Unaona plaza, vile vibanda vya matofali vilivyoshikana, mbele magari yameegeshwa, kinyozi, duka la simu, pa kufulia nguo. Lakini ingia. Nasema ingia ndani. Mlango ule mdogo kati ya kinyozi na duka la viatu, vioo vimejaa mvuke, ukiusukuma kengele inalia na joto linakupiga usoni na pua inayeyuka, na humo ndani kuna nchi nzima imejikunyata na inakula.

Tulianza kwa Wajamaika. Wali wao na maharage umepikwa kwa nazi, nazi kabisa, na mjomba alipouonja akaweka kijiko chini akatazama dari. "Hawa ni Wapemba," alisema. "Walipotea tu njiani." Halafu akaniambia, kama alivyokuja kuniambia kila Jumamosi, "Muulize nani kapika."

Kiingereza cha mjomba kilikuwa cha kupakia mizigo: juu, chini, angalia. Msemaji nilikuwa mimi. Nikaenda kaunta nikauliza. Akatoka jikoni mwanamume mpana kama kabati, kofia ya sufu kichwani, anajifuta mikono. "Kuna nini?" akauliza. "Umepata unywele?"

"Mjomba wangu anasema mkono wako ni mtamu," nikamwambia, neno kwa neno kama tunavyosema kwetu.

Yule bwana akautazama mkono wake. Akamtazama mjomba. Mjomba akainuka akampa salamu ya mikono miwili, akamtazama usoni kidogo, akaketi. Tulipoondoka nilipewa mkate wa nyama wa bure, moto, nikaula njiani ukaniunguza ulimi, na sijali mpaka leo.

"Je, mjomba?" nikauliza kituoni. "Ndiyo hoteli yenyewe?"

"Si hapa," akasema.

Basi ikawa hivyo. Tulikwenda kwa Wasomali, wali na ndizi mbivu pembeni, unamega ndizi unatia na wali, mama mpishi akanifinya shavu akanitia ndizi ya pili. Si hapa. Tulikwenda kwa Watamili, huko ndiko nilikotaka kuhamia, maana jamaa alishika vyuma viwili vipana akawa anakatakata chapati na mayai na nyama juu ya bamba la moto, kwa mdundo, ta-ka-ta-ka, wateja wanatikisa vichwa kama wako ngomani. Mjomba yeye akaagiza wali. Popote tulipokwenda yeye wali, hata tulipokwenda kwa Wachina wa India wenye tambi za pilipili. Anakula polepole mpaka punje ya mwisho, anasema muulize nani kapika, anatoka mzee kipara au kijana mwenye hereni, mjomba anashukuru. Kituoni: si hapa.

Mimi ilinitatiza. Siku moja nikamwuliza, "Lakini mjomba, mbona umemaliza sahani? Umefuta mpaka mchuzi."

"Kumaliza nimemaliza. Watu hawa wanapika, usiwavunjie heshima."

"Sasa tatizo nini?"

Akafikiri. "Unamkumbuka Waziri?"

"Yule mbuzi?"

"Alipita nyumba ngapi kabla ya kuingia kwa bibi yako? Na zile alizopita zilikuwa zinapika chakula."

Nikaona hilo ni jibu la haki kabisa. Nikajua kumbe kazi yetu ni ya kitaalamu. Mama pale nyumbani hakuona hivyo. Nilimsikia jikoni akimwambia, "Hamisi, mji huu si Ngamiani ya kwetu Tanga, useme utazunguka umalize. Unamchosha mtoto."

"Mwulize kama amechoka."

Nikapiga kelele kutoka chumbani kwamba sijachoka. Mama akasema usingizi wangu una masikio.

Darasani kwangu palikuwa na msichana aliyeitwa Kamla, wazazi wake watu wa Guyana. Mchoyo wa habari, huyo. Nilimbembeleza muda mrefu ndipo akaniambia kuna hoteli ya watu wa kwao, nyuma ya plaza, karibu na pa kufulia nguo, shangazi yake hununua wali pale kila Jumamosi. "Ila wanauunguza," akasema.

Jioni nikamfikishia mjomba, nikaongeza kwamba labda tusiende, maana Kamla anasema wanaunguza wali.

Mjomba alikuwa akitafuna. Akaacha. "Wanauunguza vipi?"

"Chini. Ule ulioungua wanautoa, wanauweka pembeni, na watu wanaugombea. Kamla anasema wanautia sukari. Wajinga hao."

Ile Jumamosi niliamka nikamkuta amenyoa ndevu na amevaa shati la rangi ya maziwa, lile lililokuwa kwenye begi tangu aje. Kola lilikuwa na mkunjo wa kukaa. Mama akamvua, akalipiga pasi lile kola, akamvalisha kama mtoto. Mimi nikaona ah, leo. Leo tumepata. Wakubwa wamevaa, mama kapiga pasi, ni ushindi. Njia nzima niliruka juu ya mabonge ya theluji nikiimba jina la ile plaza, na mjomba, ambaye kwa kawaida aliniambia nitaanguka, alikuwa ametangulia, akishikashika kola lake.

Hoteli yenyewe ilikuwa ndogo, meza chache zenye vitambaa vya plastiki vya matunda, friji la soda linalonguruma, na mlango wa jikoni umefungwa pazia la maua. Nyuma ya kaunta bwana mnene mchangamfu, mwenye hoteli, akatukaribisha kwa sauti kama ndugu zake. Nikaagiza wali. Nyuma ya pazia mtu alikuwa akikwangua sufuria kwa mwiko, krr, krr.

Wali ukaja. Niseme nini? Ulikuwa na iliki na karafuu zilizotiwa na mtu asiyepima. Nilifumba macho nikawa uani kwa bibi, jua mgongoni. Nilimtazama mjomba nione uso wa ushindi. Alikuwa anakula tonge dogo dogo kwa mkono, na mkono wake mwingine umeshika ukingo wa meza.

Hapo akatokeza mtoto chini ya pazia, wa kike, mdogo, nywele zimesukwa twende kilioni kama tulivyosukwa sisi. Mkononi kashika kipande cha ukoko. Akaja akasimama kwenye meza yetu akitutazama na kutafuna, kru, kru, kama watoto wanavyofanya wakiona wageni.

Mjomba akamtazama kwa muda. Akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kwa ile sauti ya kuchokoza watoto, "Wewe. Ukila hiyo, siku ya harusi yako itanyesha mvua."

Yule mtoto akajibu mara moja, kwa Kiingereza, hata hakushangaa. Mimi nikafurahi sana, nikageuka kumtafsiria mjomba. "Amekuelewa, mjomba. Anasema ndivyo mama yake anavyomwambia. Anasema mama yake ilimnyeshea."

Nyuma ya pazia mwiko ukanyamaza.

Bwana mwenye hoteli akacheka pale kaunta, akamwita, "Njoo kwa baba, acha wateja wale." Lakini kabla hajafika kwa baba, sauti ya chini ikamwita kutoka jikoni. Mtoto akaingia. Likabaki friji la soda likinguruma. Mjomba alikuwa amelitazama pazia, mgongo ameunyoosha, kola limesimama vizuri. Alikuwa kama mtu aliyebisha hodi.

Pazia likasogea. Akatoka yule mtoto peke yake, amebeba kisahani kwa mikono miwili, ulimi nje kwa kuogopa kumwaga. Akakiweka mbele ya mjomba. Ukoko, umepasuliwa vipande vya kama kiganja, sukari juu, ndimu pembeni.

"Mama kasema ni wako," akasema.

Mjomba akakitazama kile kisahani. Akamtazama mtoto aliyetumwa. Mimi niliyebeba masinia barazani miaka yote ile, mimi wa kujua kuliko wote, sikuelewa. Nilikuwa nimeshaanza kunyanyuka. "Nikaulize nani kapika?"

"Leo usiulize."

"Lakini mjomba, huu ndio mzuri kuliko wote. Wajamaika hawaoni ndani."

"Keti. Kula."

Akanisogezea kisahani. Akachukua kipande kimoja kidogo, kile cha pembeni, akakitia mdomoni, akakitafuna muda mrefu sana. Vingine vyote nikavila mimi. Nikamwuliza na mdomo umejaa, "Na mvua yangu je?"

"Ninyi mtaolewa huku," akasema. "Itakuwa theluji. Haitakulowesha."

Akaosha mkono kwenye sinki ya pembeni. Akamlipa yule bwana, wakapeana mikono, na yule bwana akamwambia karibu tena, karibu sana, na mjomba akaitikia kwa kichwa. Akapita kwa yule mtoto, akamwekea kiganja kichwani juu ya mistari ya nywele, kidogo tu, kama watu wanavyofanya msikitini. Akavaa koti. Kengele ya mlango ikalia, baridi ikaingia.

Mimi nilichelewa kwa sababu ya buti. Nilipokuwa nikizifunga nikasikia nyuma ya pazia mwiko umeanza tena, krr, taratibu, halafu krr.

Nikatoka mbio. Yeye alikuwa ameshafika katikati ya magari, anakwenda mwendo wake wa kazini, mikono mifukoni, kola jeupe linaonekana juu ya koti. Nilimwita asikie, "Mjomba, ndiyo hoteli yenyewe? Ni hapa?"

Alijibu bila kugeuka. "Ni hapa," alisema. Akaendelea kutembea, na pale hakurudi tena.